Mlevi Si Pointi Mbili Pungufu!

Ndugu zangu waandishi chipukizi, leo nataka ugomvi. Nagombana na watengenezaji wa magemu ya kompyuta, yale ya kuigiza mhusika, na nikimalizana nao nitawageukia nyinyi, maana kosa lao ndilo lenu.

Kwa asiyeyajua: katika magemu haya unaanza kwa kumgawia mhusika wako alama. Nguvu kadhaa, akili kadhaa, ustahimilivu kadhaa, mvuto kadhaa. Kisha unamwachia ulimwengu, apigane, apatane bei, adanganye, aombe radhi. Fallout ya mwaka 1997 iliweka sifa saba, kila moja kuanzia 1 hadi 10. Ukimpa mhusika akili 3 au pungufu, hawezi kuunda sentensi. Anaguna tu, na watu wanamfukuza au wanamwonea huruma. Washikaji wanaipenda sana sehemu hiyo, wanacheka mpaka wanalia. Mimi naikubali nusu. Ni kweli alama lazima ziguse ulimi. Mwenye akili 2 akiongea sawasawa na mwenye akili 9, hizo alama ni za nini? Urembo?

Nusu ninayoikataa ni hiyo ya kupima akili kwa ufasaha. Njooni Mbinga niwaonyeshe. Huku milimani kwa Wamatengo yupo bibi anayeongea Kimatengo kuanzia alfajiri mpaka usiku, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza sokoni. Lakini bibi huyo analima ngoro, vile vishimo vinavyopangwa kama masega ya nyuki kwenye mteremko mkali, vikashika maji ya mvua na kuzuia udongo usiporomoke. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walikuja kukisoma kilimo hicho. Haya, mwingizeni bibi kwenye gemu. Kwa Kiswahili atapata 3, ataguna. Kwa Kimatengo atapata 10, na wewe mchezaji ndiye utakayeguna! Alama ya akili isiamue kama mtu anaweza kusema. Iamue anaona nini cha kusema. Lugha iwe na alama yake peke yake, na ipande au ishuke kufuatana na anayesikiliza.

Sasa tuje kwenye ulevi, maana hapo ndipo damu yangu inapochemka.

Utaratibu wa magemu mengi ni huu: unameza kidonge, kompyuta inarusha bahati nasibu, unaambiwa umeshakuwa mraibu. Adhabu yako, pointi mbili tatu zinapungua. Na tiba? Katika Fallout 3 ya mwaka 2008 unamwendea daktari, unamlipa, unatoka mzima palepale. Mwaka huohuo Australia iliikatalia gemu hiyo kibali kwa kuwa dawa mojawapo iliitwa mofini. Dawa ikabadilishwa jina, gemu likapita. Jina tu, jamani! Mimi ningewauliza swali jingine: mbona mraibu wenu anaongea vilevile kabla ya kuzama, akiwa amezama, na baada ya kuibuka?

Linganisheni na maisha. Hospitali ya Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini mwaka 2011, utaratibu ulikuwa wa kwenda kila siku kunywa dozi mbele ya mhudumu, mwezi baada ya mwezi. Na hapa kwetu, jirani yangu mmoja alikuwa mtu wa viroba. Machi 2017 serikali ilipopiga marufuku vile vipakiti, wengi tulidhani atapumzika. Wapi! Alihamia kwenye gongo wiki ileile. Hakuna daktari wa gemu aliyemngoja mlangoni na bei ya papo kwa papo.

Tena sikilizeni kasheshe nyingine. Katika Fallout 4 ya mwaka 2015 bia inakuongezea mvuto, kwa hiyo mchezaji mjanja anapiga chupa moja kabla ya mazungumzo magumu. Eti mvuto! Nendeni kwenye kilabu chochote cha komoni saa mbili usiku mkaangalie nani anavutiwa na nani. Mnywaji ndiye anayejiona ana mvuto. Basi gemu la haki lifanye hivi: pombe iongeze idadi ya majibu anayoyaona mchezaji kwenye kioo, matamu matamu, na ipunguze idadi ya watu walio tayari kuyasikiliza.

Na Kiswahili kimetupa kipimo ambacho Wamarekani hawana: namna mtu anavyoitwa. Mhusika aanze kama Baba Neema, watoto wanampa shikamoo njiani, mwenye duka anamwandika kwenye daftari bila maneno. Uraibu ukiingia, usimwonyeshe mchezaji namba yoyote. Shikamoo zianze kupungua. Mwenye duka aache "Baba Neema", aseme "wewe". Mke wake aache kumsemesha, awe anamwambia mtoto, "Mwambie baba yako chakula kipo." Mchezaji mwenye masikio atajua amefika wapi.

Wapo watakaosema alama ya ustahimilivu ndiyo iamue nani anakuwa mraibu na nani ananusurika. Nakataa isiwe peke yake. Urithi wa damu una sehemu yake, sawa, lakini hakuna anayeusoma wa kwake kabla ya kinywaji cha kwanza. Basi alama hiyo ifichwe. Sehemu kubwa iende kwa mazingira. Teremkeni milima mpaka ziwani, Mbamba Bay, Liuli, Lituhi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka sana taa haziwavuti. Kwa hiyo hela inakuja giza likiwepo, inapotea mwezi ukipevuka. Kijana amekesha majini, ana baridi, ana noti mfukoni saa kumi na mbili asubuhi, na wenzake wote wanaelekea kulekule. Huko milimani kalenda ni ya kahawa: miezi ya ukata, kisha malipo yanashuka kwa mkupuo. Hatari ya uraibu ipande na kushuka na kalenda hizo. Ndiyo hesabu inayostahili kuandikwa!

Na akili nyingi je, zinamwokoa mtu? Thubutu! Zinampa visingizio vizuri zaidi. Mwenye akili 3 atasema, "Nina kiu." Mwenye 9 ataeleza uchumi wa kahawa, madeni ya ushirika na upweke wa msomi, na glasi iko mkononi. Hapo ndipo naivulia kofia Disco Elysium ya mwaka 2019. Ina stadi 24, kila stadi na sauti yake kichwani mwa mpelelezi mlevi aliyeamka bila kumbukumbu. Stadi yenye alama nyingi inaongea zaidi, na si lazima iseme kweli. Mojawapo kazi yake ni kumbembeleza anywe na avute. Alama zinasema, zinabishana, zinadanganya. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Sasa nyinyi wenzangu. Mlevi wa hadithi zenu yukoje? Anapepesuka, anaimba, anaanguka mtaroni, msomaji anacheka, ukurasa unafunuliwa. Mtu wa kijijini akitokea, anavunja Kiswahili ili tujue ni mjinga. Hamjamwandika mtu, mmemkata pointi! Mnawacheka Fallout kwa mguno wao na nyinyi mnaguna kwa wino.

Najua nitaambiwa magemu ni anasa ya wenye mashine kali. Kiro'o Games wa Kameruni walitoa Aurion mwaka 2016, gemu la Kiafrika la kuigiza mhusika. Na programu ya Twine, ambayo ipo tangu 2009 na ni ya bure, inakubali hadithi ya maneno matupu, yenye njia panda na alama, kwenye kompyuta chakavu. Kinachotakiwa ni mwandishi anayejua watu wanavyoongea. Si ndiyo kazi tunayojigamba kuiweza?

Basi anayeona nimekosea asinijibu kwa matusi. Aandike kurasa tatu za Baba Neema akiomba mkopo dukani, mara ya kwanza, ya tano, na ya ishirini. Nazisubiri kwa hamu.