Mzigo wa Rubani

Wako watu wasemao kwamba rubani wa polisi hana haki ya kulalamikia uchovu, kwa kuwa ni askari aliyekula kiapo. Msemo huo una sura ya ushujaa, lakini ndani yake mna dhuluma. Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na mzigo wa rubani ni mwepesi kwa yule tu asiyeubeba.

Tazama kazi yenyewe. Mkono wa kushoto huinua na kushusha helikopta. Wa kulia huielekeza. Miguu huizuia isizunguke. Macho hutafuta nyaya za umeme. Masikio husikiliza redio. Hapa Kakamega mvua ya radi aghalabu hujikusanya alasiri, saa ambayo wakubwa hutaka kurejea Nairobi kutoka matangani na kwenye harambee. Rubani hulitazama wingu. Mkubwa aliye nyuma yake huitazama saa. Nani kati yao atakayetiiwa?

Tarehe 10 Juni 2012, helikopta ya polisi iliyoruka kutoka Uwanja wa Wilson kwenda Ndhiwa ilianguka Ngong. Waziri George Saitoti, waziri msaidizi Orwa Ojode, walinzi wawili na marubani wawili walikufa. Sidai kwamba uchovu au shinikizo ndilo lililowaua. Nasema kwamba msiba ule ulituonyesha jambo moja: kiti cha waziri na kiti cha rubani huanguka pamoja.

Mkataba wa Chicago wa 1944, ulioweka misingi ya safari za anga duniani, hauzihusu ndege za polisi. Basi kinga ya rubani huyu sharti itungwe na serikali yake mwenyewe. Kila helikopta imewekewa uzito usiopaswa kuzidishwa. Akili ya binadamu nayo ina kipimo chake, ijapokuwa hakikuandikwa popote. Saa za kazi na ziwekewe mpaka. Rubani na aweze kusema, "Leo siruki," bila kuhamishwa wala kudhihakiwa. Aliyelemewa moyoni na apate tabibu bila kuadhibiwa kwa kusema kweli.

Wataniambia kwamba mhalifu hangoji askari alale. Ni kweli, lakini mwizi aliyetoroka leo aweza kukamatwa kesho, ilhali helikopta iliyoanguka haiwarudishi waliokuwamo. Vijana, kati yenu watatoka marubani na watatoka wakubwa. Kumbukeni kwamba rubani akataaye kuruka palipo hatari hajaasi. Amekitimiza kiapo chake.