Ulanga yetu imeigizwa bila sisi
Na Rehema Mtundu

Mwaka 1951 ilitoka filamu ya The African Queen: dada wa mchungaji na nahodha mpenda pombe wanateremka mto porini kwa boti ya mvuke, wanagombana, wanachekesha, mwishowe wanapendana. Aliiongoza John Huston, wakacheza Katharine Hepburn na Humphrey Bogart, na Bogart akajipatia Oscar. Mto wanaoteremka unaitwa Ulanga. Wengi hapa Ifakara hawajui kwamba ni jina la mto wetu huu huu, ambao ramani nyingi za leo zinauandika Kilombero.

Kisa ni cha mwaka 1914, enzi za Mjerumani, na kimetoka kwenye riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Forester aliupeleka Ulanga ziwani ili wapenzi wake wakazamishe meli ya Kijerumani. Mto wa kweli hukutana na Luwegu, ikawa Rufiji, ikaingia Bahari ya Hindi. Picha zenyewe zilipigwa Uganda na Kongo. Hayo sina ugomvi nayo. Mtunzi ana ruhusa ya kuupinda mto. Kinachoniuma ni bonde lisilo na wenyewe. Wanakijiji tunawaona mwanzoni, kanisani, wakiimba wimbo usioeleweka. Kijiji kinachomwa moto, na baada ya hapo wanabaki Wazungu wawili, mbu, ruba na mamba.

Huku pori lina watu. Masika yakikolea na maji yakitanda bondeni, Mndamba, mwenyeji wa bonde hili, husimama nyuma ya mtumbwi wa gogo moja, pondo mkononi, akapita palepale watu walipotembea kwa miguu kiangazi. Akiona maji yanatibuka mbele, hasemi kitu; anasukuma pondo upande, anamzunguka kiboko kwa mbali, na abiria wake anakumbatia ndoo ya perege mpaka ng'ambo. Mpunga ukikaribia kuiva, familia zinahamia mashambani, vijana wanashinda juu ya dungu wakifukuza ndege. Waulizeni wazee wa Ifakara ni ndoa ngapi zilianzia kwenye madungu mawili yanayotazamana! Mapenzi yamo, hatari imo, vichekesho havihitaji kutungwa: mshenga amevaa koti lake la heshima, anavushwa kwenda kuposa, na mtumbwi unaingia maji.

Filamu zetu nyingi zimeshindwa kutoka sebuleni. Sofa, geti, simu, machozi. Wasanii tunao, na mwandishi anayejua bonde hili hakosekani.

Watayarishaji wa Dar es Salaam, reli ya TAZARA inapita Ifakara na mto una daraja. Njooni masika haya na kamera zenu. Halmashauri zetu ziwapokee bila kuwazungusha na vibali, na huyo anayeshika pondo apewe jina, maneno ya kusema, na mchumba.