Nauli ya Mwenye Kubeba Amana

 

Ndugu zetu katika imani, mwezi huu tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka halituhusu sisi wenye kusafiri kwa basi na daladala. Nalo ni kukodi ndege nzima kwa ajili ya safari ya mtu mmoja na wafuasi wake wachache. Tunaomba msomaji asitugeuzie uso mapema. Ndani ya jambo hili mna somo la amana, na amana haiulizi kama mwenye kuibeba ni waziri wa dola kubwa au mweka hazina wa msikiti wa kijijini.

Kwanza tueleze namna biashara hii inavyokwenda. Abiria wa kawaida hununua kiti kimoja, na gharama ya mafuta, marubani na uwanja hugawanywa baina ya watu mia au zaidi waliomo ndani. Mwenye kukodi ndege binafsi hulipia chombo chote. Hesabu hupigwa kwa saa za kuruka, iwe ndani wamo watu wanane au yumo mmoja. Aghalabu hulipia pia safari ya ndege kumfuata alipo na ya kurudi tupu ilikotoka. Ndiyo maana kuvuka nchi ya Marekani kutoka New York hadi Los Angeles, mwendo wa takriban kilomita 4,000 na saa tano au sita angani, humgharimu abiria wa kawaida mamia ya dola, ilhali mwenye kukodi ndege hulipa makumi ya maelfu. Moshi nao ni hivyo hivyo: uchunguzi uliotolewa Ulaya mwaka 2021 ulionesha kwamba kwa kila abiria, ndege binafsi huchafua hewa mara 5 hadi 14 zaidi ya ndege ya abiria wa kawaida.

Sasa tutazame yaliyotokea katika nchi hiyo hiyo ya Marekani mwaka 2017. Dk. Tom Price, tabibu wa mifupa aliyekuwa mbunge wa jimbo la Georgia, aliteuliwa kuwa Waziri wa Afya na Huduma za Jamii, akaapishwa mwezi Februari. Alikuwa na sifa ya kuhimiza serikali ibane matumizi. Mwaka 2009, angali mbunge, aliwahi kusimama mbele ya televisheni na kulaumu vikali mpango wa Bunge wa kununua ndege za kifahari kwa fedha za umma. Na katika mwaka huo wa 2017 serikali aliyoitumikia ilipendekeza kupunguza bajeti ya wizara yake mwenyewe kwa takriban asilimia 18.

Mwezi Septemba 2017 waandishi wa habari wa gazeti la Politico walifichua kwamba waziri huyu alikuwa akisafiri ndani ya nchi kwa ndege za kukodi, si mara moja wala mbili. Hesabu walizozikusanya tangu mwezi Mei zilipindukia dola 400,000. Safari moja ilikuwa ya kutoka Washington kwenda Philadelphia, takriban kilomita 220, mahali ambapo treni hupita mchana kutwa. Ndege ya safari hiyo iligharimu kiasi cha dola 25,000. Na alikwenda kufanya nini? Kutembelea kituo cha kutibu watu walioathirika na dawa za kulevya. Msomaji na ajiulize mwenyewe, fedha hizo zingewatibu wangapi.

Habari zilipoenea, waziri aliahidi kurejesha kiasi cha dola 52,000, akasema hiyo ndiyo thamani ya viti alivyovikalia yeye. Siku iliyofuata, tarehe 29 Septemba 2017, alijiuzulu. Mwezi Julai 2018 mkaguzi wa wizara alitoa ripoti yake: katika safari 21 alizozichunguza, 20 hazikufuata taratibu za serikali, na akashauri wizara itafute njia ya kurejesha dola zisizopungua 341,000.

Tusimame kidogo hapa kwenye hoja ya kiti. Mtu anakodi ndege nzima, kisha akiulizwa anasema atalipa kiti chake. Lakini ndege ile isingeruka kama si yeye. Viti vingine vyote, pamoja na vile vilivyokwenda vitupu, viliruka kwa ajili yake. Ni sawa na mtu aliyechinja ng'ombe wa mayatima kwa ajili ya karamu yake, kisha akasema atalipa tonge alizokula. Nafsi ya mwanadamu ina ustadi mkubwa wa kupunguza deni lake yenyewe, na ndiyo maana sheria ya Mwenyezi Mungu haikumwachia mdaiwa apige hesabu peke yake.

Yamkini atatokea wa kusema: “Je, ninyi mnaharamisha ndege?” Hasha. Katika Suratun-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni neema ya kupandwa, kisha anatuambia kwamba huumba na mengine tusiyoyajua. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameona kuwa vyombo vya leo vimo katika ishara hiyo. Wala kukodi ndege si uovu kwa dhati yake. Madaktari wa Amref, ambao huduma yao ilianza Afrika Mashariki mwaka 1957, wamewafikia kwa ndege ndogo wagonjwa ambao barabara isingewafikisha hospitali wakiwa hai. Ndege nzima kwa mgonjwa mmoja si israfu, maadamu inaokoa nafsi. Na tajiri aliyechuma kwa halali, akatoa zaka yake, hesabu ya namna alivyotumia iko baina yake na Mola wake, ingawa naye ameonywa. Suratul-Israa, aya ya 26 na ya 27, inawahesabu wabadhirifu katika udugu wa mashetani, na Suratul-Furqan, aya ya 67, inawasifu waja wa Mwenyezi Mungu kwa kushika njia ya katikati, baina ya ubadhirifu na ubahili.

Neno letu leo ni juu ya anayesafiri kwa mali isiyokuwa yake. Huyu hana haki ya kujipimia raha kwa kipimo cha tajiri, hata kama cheo chake ni kikubwa. Suratun-Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Suratu Aal-Imran, aya ya 161, inaonya kuwa mwenye kufanya khiana katika mali ya wote atafika Siku ya Kiyama na kile alichokichukua. Na katika hadithi iliyomo ndani ya Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) alibainisha kwamba aliyepewa kazi ya umma akaficha hata sindano, amekwisha kuingia katika khiana hiyo. Kama sindano ina hesabu yake, ndege itakuwaje?

Watetezi wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba wakati wa kiongozi ni wa thamani. Tunakubali kuwa una thamani, lakini thamani hiyo hupimwa kwa kazi iliyofanyika, si kwa mwendo wa chombo. Kiongozi anayefika upesi na kukaa bila faida hakuokoa chochote. Hoja ya pili ni kwamba sheria inaruhusu. Hakika mwaka huo huo wa 2017 wakaguzi wa Wizara ya Fedha ya Marekani walichunguza safari za waziri wao alizosafiri kwa ndege za jeshi, zilizogharimu zaidi ya dola 800,000. Hawakuona sheria iliyovunjwa, ila waliona sababu zilizotolewa za kuhitaji ndege hizo zilikuwa dhaifu. Hapo ndipo Muislamu anapopaswa kuona tofauti. Sheria ya dola huuliza kama mlango ulikuwa wazi. Amana huuliza kwa nini uliingia.

Jambo hili limefika pia karibu na milango yetu. Mwezi Mei 2024, Rais wa Kenya alikwenda Marekani kwa ziara ya kiserikali akiwa ndani ya ndege ya kukodi kutoka Falme za Kiarabu. Wananchi waliokuwa wakijadili nyongeza ya kodi walihoji gharama yake. Rais alijibu kwamba gharama hiyo ilikuwa ndogo kuliko kusafiri na shirika la ndege la nchi yake, na baadaye, mwishoni mwa mwezi huo, akaeleza kuwa marafiki walimpatia ndege kwa shilingi zisizozidi milioni 10 za Kenya. Sisi si mahakama, wala hatumhukumu mtu kwa lililomo moyoni mwake. Lakini jibu lenyewe linatupa mas-ala ya kifiqhi ambayo Mtume wetu (s.a.w.) aliyatolea hukumu zaidi ya karne kumi na nne zilizopita: nini hukumu ya hisani anayofanyiwa mwenye cheo?

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Humayd As-Saidi (r.a.) kisa cha mtu aliyeitwa Ibnul-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka. Aliporejea aligawa alivyokuja navyo mafungu mawili, akasema hili ni lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akapanda mimbari, akahoji mbele ya watu: je, mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi hiyo ingemfuata? Kisha akaonya kwamba atakayechukua kwa njia hiyo atakuja Siku ya Kiyama ameibeba shingoni, ikiwa ngamia, ng'ombe au mbuzi, naye akipiga kelele.

Kipimo hicho ni chepesi, na kinamtosha kila mwenye cheo. Kama nisingekuwa na cheo hiki, rafiki huyu angenipa? Ikiwa jibu ni la, basi zawadi ni ya cheo, na cheo ni cha watu. Na anayempa kiongozi leo, kesho huja na haja yake. Bei ndogo ya leo huenda ikalipwa kesho na watu ambao hawakuwamo safarini.

Ndugu zetu, ni rahisi kuwanyooshea vidole walio Washington na Nairobi. Chombo cha harakati ya islahi hakitakuwa kimefanya kazi yake kikiishia hapo. Hebu tutazame misikiti yetu. Sadaka ya Ijumaa inatoka kwa muuza samaki, kwa mama anayeuza vitumbua, kwa kijana mwenye mkokoteni. Kisha kamati inatuma wajumbe mkutanoni. Basi lipo, lakini inakodiwa gari maalumu. Gari lina nafasi saba, wanakwenda wawili. Linawasubiri siku tatu, na kila siku inalipiwa. Wakirudi, daftari linaandikwa neno moja tu, “safari”, na mbele yake jumla ya fedha. Hakuna stakabadhi, hakuna mchanganuo, na anayeuliza huambiwa kuwa ana dhana mbaya kwa viongozi wa dini. Tofauti ya hili na ile ndege ya Philadelphia ni ukubwa wa chombo tu.

Kumuuliza mwenye kubeba amana si dhana mbaya. Ni kumsaidia kabla hajaulizwa na Asiyeweza kudanganywa. Tirmidhi amepokea hadithi ya maswali ya Siku ya Kiyama, na katika maswali hayo mali ina mawili: umeipata wapi, na umeitumia katika nini. Afadhali mtu asomewe hesabu yake msikitini, akiwa bado ana nafasi ya kurekebisha na kutubu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa kila kamati. Kwanza, kiwango cha safari kwa mali ya msikiti kiwe nauli ya kawaida ambayo waumini wenyewe hulipa; anayetaka zaidi ya hapo na aongeze kwa mfuko wake. Pili, ikiwa dharura italazimisha kukodi chombo kizima, sababu iandikwe kabla ya safari, na isiidhinishwe na yule anayesafiri. Tatu, zawadi, punguzo au lifti anayopewa kiongozi kwa sababu ya uongozi iandikwe kwa jina la msikiti, pamoja na jina la aliyetoa. Nne, kila mwezi hesabu ibandikwe mahali ambapo kila mwenye kuswali ataiona, hata mwezi ambao hakuna aliyeuliza.

Wapokezi wa tarikh wanasimulia kwamba Khalifa Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipokwenda kupokea Baytul-Maqdis alikuwa na mtumishi wake na mnyama mmoja, wakipokezana kumpanda. Majeshi ya dola mbili kubwa za zama zile yalikuwa yameshindwa mbele ya watu wake, na mwenyewe angeweza kusafiri kwa msafara wa kifalme. Hakuna aliyemdharau kwa kuingia kwa namna ile. Heshima aliyokuwa nayo haikutegemea kipando, kwa kuwa watu walijua kuwa haki yao iko salama mkononi mwake. Kiongozi aliyepoteza imani ya watu hata ndege ya dhahabu haitamrudishia, na kiongozi anayeaminiwa anaweza kushuka kutoka kwenye basi la usiku, viatu vimejaa vumbi, na watu wakasimama kumpokea.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) awaongoze viongozi wetu wa dola na wa dini, awape macho ya kuona mali ya watu kuwa ni mzigo na si kipando, na atujaalie sote tuwe katika wale ambao hesabu yao itakuwa nyepesi. Amin.

Wabillahi tawfiq.