Kipimo cha malaria hakikuambii mtoto yupi yuko hatarini

Kama umekulia Usenge, hii unaijua. Mtoto anachemka usiku kucha, asubuhi anapakiwa kwa boda na mamake hadi zahanati, anadungwa kidole, mstari wa pili unatokea: malaria. Anapewa dawa, wanarudi nyumbani. Sawa. Lakini huku Siaya kuna watoto wengi tu wenye vimelea damuni na bado wanacheza mpira. Mstari ule unasema vimelea vipo. Hausemi kama ni huyu atakayezidiwa leo usiku.

Jibu la swali hilo liko ndani ya mwili wa mtoto mwenyewe. Juu ya baadhi ya seli nyeupe za damu kuna kipokezi kiitwacho TREM-1, kilichotangazwa na wanasayansi mwaka 2000. Seli zikishaamka kupigana na vijidudu, chenyewe kinazidisha vita, kama mtu anayemwagia mafuta taa jiko ambalo tayari limewaka. Vita vikipita kiasi, mwili unajiumiza wenyewe. Vipande vya kipokezi hicho humwagika damuni, na hivyo vinaweza kupimwa.

Na vimepimwa, tena ziwa hili hili. Huko Jinja, Uganda, watafiti walichukua damu ya watoto zaidi ya 2,000 waliofika hospitali wakiwa na homa. Waliokuwa na TREM-1 nyingi damuni ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, iwe homa ni ya malaria au ya kitu kingine. Dar es Salaam wakapima watu wazima, picha ikawa ile ile.

Sasa mimi nauliza: damu ilitoka kwetu watu wa Afrika Mashariki, mbona kipimo hakijafika zahanati zetu? Najua, utaniambia hata dawa wakati mwingine hakuna. Ni kweli bana, lakini muuguzi aliye peke yake na foleni ya watoto ishirini ndiye anayehitaji zaidi kujua nani apelekwe Bondo sasa hivi.

Kwa sasa tuna macho yetu. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea hata haamki vizuri, usimpitishe dukani kununua vidonge. Washa pikipiki. Na kikao cha bajeti ya kaunti kikiitwa, nenda ukaulize habari ya kipimo hicho.