Freni mpya zinazolia njia ya Bangboka zisinyamazishwe kwa grisi

BANGBOKA, Kisangani – Kwenye barabara inayotoka mjini hadi uwanja wa ndege wa Bangboka, kilometa 17 hivi, kuna magari ambayo freni zake husikika kabla gari lenyewe halijaonekana. Si lazima plakete ziwe zimekwisha. Mara nyingine ni mpya kabisa, zimefungwa jana yake nyumbani, chini ya mwembe, kwa kiriki na funguo mbili.

Kufunga plakete nyumbani si kosa. Garaji inataka pesa, na mwenye gari anataka hesabu yake jioni. Kosa linakuja pale abiria wanapoanza kulalamika na dereva akatafuta njia ya kuzima kelele. Kuna wanaopaka grisi au mafuta ya injini kwenye plakete, upande ule unaogusa diski. Kelele inaisha kweli, na nguvu ya freni inaisha nayo. Gari lenye watu na magunia ya makaa halisimami tena pale lilipozoea kusimama, na mbele yake kuna toleka imebeba mama na mtoto.

Wapo wanaosema: "Itanyamaza yenyewe." Wana haki kidogo. Plakete mpya lazima izoeane na diski. Dereva atafute sehemu tupu, aende kilometa 50 kwa saa, akanyage freni polepole hadi 10 bila kusimama kabisa, arudie mara nane au kumi, akiziacha zipoe kidogo kila mara. Pia gari lililolala kwenye mvua hulia asubuhi kwa sababu diski imeshika kutu nyepesi. Baada ya kukanyaga mara chache, kwisha.

Lakini kelele ikiendelea baada ya hapo, kungoja ni uzembe. Swali la kwanza ni hili: inalia wakati gani? Ikilia gari likitembea bila kukanyaga freni, kisha ikanyamaza unapokanyaga, huenda kile kibati cha kuonya kwamba plakete imekwisha kimepinda au plakete imefungwa vibaya, kinagusa diski. Au kuna jiwe dogo nyuma ya diski, jambo la kawaida kwenye njia za changarawe. Ikilia unapokanyaga tu, toa gurudumu uangalie diski. Ikiwa na mifereji, au ukingo uliosimama pembeni, plakete mpya haiwezi kulala sawa juu yake. Angalia pia vibati vya kushikilia plakete: wengi huvitupa pamoja na plakete za zamani, na bila hivyo plakete inatikisika na kupiga filimbi.

Halafu gurudumu moja likiwa la moto sana kuliko mwenzake wa upande wa pili, au gari likivuta upande mmoja, tatizo si kelele tena. Pistoni imekwama, au pini ambazo freni huteleza juu yake zimekauka kwa vumbi na matope. Hapo ndipo grisi ina kazi, tena ile inayovumilia moto: kwenye pini, na kidogo sana mgongoni mwa plakete. Plakete iliyolowa grisi usoni haioshwi ikarudi. Itupwe, na ya upande wa pili ibadilishwe pamoja nayo. Sauti nzito ya chuma kusaga chuma haina mjadala: gari lisimame.

Wenye magari nao wasijifiche nyuma ya madereva. Anayedai hesabu ile ile siku ambayo gari limeinuliwa kwenye kiriki ndiye anayelirudisha barabarani kabla ya wakati. Wanaolipa nauli ni pamoja na familia zilizohama Lubunga tangu mzozo wa 2023, watu wasio na nafasi ya kuchagua gari. Mama wa namna hiyo akiuliza kwa nini freni zinalia, ajibiwe kwa heshima, asiambiwe ashuke.

Na abiria ana macho na pua. Akishuka Bangboka akasikia harufu ya kuungua kwenye gurudumu moja, amwambie dereva palepale, kabla hajapakia watu wa kurudi mjini.