Nusu Saa Kabla ya Mtumbwi

Ndugu zangu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, nanyi wa kule juu Mbinga na Litembo, nina ombi moja.

Jirani yangu ni mvuvi wa usipa. Usipa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza; mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, mitumbwi inalala mchangani. Simu janja ya nyumba ni moja, nayo huenda ziwani na mwenyewe. Ndani yake mna programu ya kujifunza kusoma Kiswahili, na binti yake wa darasa la pili anaipenda kweli. Basi mtoto anasoma kwa kalenda ya mwezi: siku za mbalamwezi anaishika saa mbili, tatu, mpaka macho yanawasha, giza likirudi, haigusi tena.

Jioni moja nilikaa naye mkekani. Akasoma "samaki" na "mtumbwi" bila kusita, akafika "ng'ombe" akasema "ngombe", akarudi nyuma, akanyamaza. "Juzi nilikuwa naijua," akaniambia. Hakudanganya, ila juzi yake ilikuwa wiki mbili nyuma.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe akaandika mwaka 1885 kwamba jambo jipya hupotea kichwani haraka sana siku za mwanzo, na kwamba kulirudia kidogo kidogo, kwa siku zilizoachana, hulishikisha kuliko kulikariri kwa mkupuo. Mkulima wa Mbinga hahitaji Mjerumani amwambie hayo. Kahawa iliyo kichanjani hugeuzwa kila siku, tena mara kadhaa. Nani huiacha wiki nzima halafu Jumamosi akaigeuza mara thelathini?

Programu hizi si mchezo wa mjini. Kati ya 2017 na 2019, mashindano ya Global Learning XPRIZE yalipeleka tableti zenye programu za kujifunza kusoma kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji takribani 170 vya Tanga, pamoja na vituo vya kuchaji kwa umeme wa jua. Wengi wao hawakuwahi kuingia darasani, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 kundi hilo la wasioweza lilipungua kwa karibu nusu. Mei 2019 zawadi ikagawanywa kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School. Ng'ambo ya ziwa letu, Malawi, zipo shule ambako watoto hupokezana tableti kwa zamu, nazo huchajiwa kwa jua.

Lakini tusijidanganye: nusu nyingine ya wale wa Tanga haikufika. Kioo hakimalizi kazi. Mtoto mjanja hubahatisha, nyota za zawadi zikamwagika kiooni, naye hajasoma kitu. Ndiyo maana baada ya programu mpeni kitabu cha karatasi, asome ukurasa mmoja kwa sauti, na mtu mzima amsikilize, hata kama huyo mtu mzima mwenyewe hakusoma sana. Anayejikwaa husikika.

Kwa maoni yangu, nusu saa inatosha, siku tano za wiki. Aliye darasa la kwanza, dakika ishirini. Zaidi ya hapo mwacheni akacheze.

Akina baba wa ufukweni, iacheni simu nyumbani nusu saa kabla ya kusukuma mtumbwi, na saa ileile hata siku za mbalamwezi. Wa milimani, msimu wa kahawa mnarudi mmechoka na mikono ina utomvu; mpeni mtoto simu wakati ugali unasongwa. Wenye maduka na sola, mchajieni bure mvuvi ambaye betri yake imeliwa na masomo. Kamati za shule, kama kuna tableti zilizofungiwa kabatini zisiharibike, zitoeni: hazijanunuliwa ziwe mpya milele. Na nyumba isiyo na simu, jirani amwite yule mtoto akae mkekani na wa kwake.

Jirani yangu ameshakubali. Mtumbwi wake unaingia majini saa kumi na mbili jioni, na kuanzia saa kumi na moja na nusu simu ni ya binti. Nawe panga saa yako leo, kabla mwezi haujafa.