Aliyeona Akasema Sikuona



Mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia baada ya swala ya Ijumaa akiwa na kitabu mkononi. Alikikuta chini ya mto wa mwanawe wa kidato cha tano. Aliposoma nyuma ya jalada kwamba ni habari za mauaji, polisi na wanasiasa, akataka tumwambie kama kijana wake ameanza kupotea. Tulimwomba atuachie kitabu hicho kwa juma moja. Tulikwisha kukisoma tangu siku za chuo, lakini tuliona si haki kukihukumu kwa kumbukumbu.

Kitabu chenyewe ni tafsiri ya Kiingereza ya riwaya ya Kitaliano, *Il giorno della civetta*, yaani Siku ya Bundi, iliyotoka mwaka 1961. Mtunzi wake, Leonardo Sciascia, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa mji mdogo wa Racalmuto katika kisiwa cha Sicily. Ndicho kisiwa kile kilichotawaliwa na Waislamu tangu karne ya 9 hadi ya 11, na jina la mji huo lina asili ya Kiarabu.

Kisa kinaanza alfajiri. Basi linakaribia kuondoka uwanjani. Mtu mmoja aliyevaa suti nyeusi anakimbia ili alidandie, risasi mbili zinalia, naye anaanguka. Ni Salvatore Colasberna, mkandarasi mdogo aliyeendesha ushirika wa ujenzi pamoja na nduguze. Kosa lake ni kukataa kuwalipa watu wa mafia ili wamlinde. Basi lilijaa abiria, lakini askari wanapofika wanakuta viti vitupu. Dereva na kondakta hawamkumbuki abiria hata mmoja. Mwuza bajia za dengu, aliyekuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale, anauliza kwa mshangao kama kweli kuna risasi iliyopigwa.

Uchunguzi anapewa Kapteni Bellodi, mgeni aliyetoka Parma, kaskazini mwa Italia. Anakwenda hatua kwa hatua. Mkulima mmoja, kazi yake kupogoa miti, ametoweka siku ileile. Mkewe anakumbuka jina la utani alilotajiwa na mumewe asubuhi ile, jina la mtu aliyeonekana akikimbia. Mpasha habari wa polisi naye anauawa, lakini kabla ya kufa anaandika barua yenye majina mawili. Nyuzi hizo zinamfikisha kapteni kwa mzee mwenye heshima kubwa mjini, don Mariano Arena. Hapo Bellodi anaacha kutafuta bunduki, anatafuta hesabu za benki: mtu asiye na kazi ya maana amepataje fedha nyingi hivi? Tunakiri kwamba kapteni naye hakuwa msafi wa kila jambo, maana alimtia mtuhumiwa mmoja mtegoni kwa hati ya uongo. Hilo hatulisifu.

Lakini kiini cha riwaya kiko mbali na mji ule. Kila kapteni anaposogea hatua moja, tunawasikia wakubwa wasiotajwa majina huko Roma wakinong'ona kwa wasiwasi. Gazeti linachapa picha ya don Mariano akiwa pamoja na waziri na mbunge. Basi wanatokea watu wa heshima wanaoapa kwamba muuaji alikuwa mahali pengine siku ile. Kesi inaporomoka, na lawama ya kifo cha mkulima inatupiwa mwanamume anayedaiwa kuwa hawara wa mjane. Bungeni serikali inajibu kana kwamba mafia ni hadithi za watu. Bellodi, aliyekwenda likizo kwao Parma, anayasoma hayo yote gazetini, na anaazimia kurudi.

Mtunzi mwenyewe aliandika kwamba alitumia mwaka mzima kukipunguza kitabu chake, kwa kuchelea kushtakiwa. Mwaka 1962 Italia ilitunga sheria ya kuunda tume ya Bunge ya kuichunguza mafia. Kumbe ilikuwapo.

Ndugu wasomaji, don Mariano ni mtu mmoja. Asingeweza kuufunga mdomo wa mji mzima kama mji wenyewe haukumsaidia. Suratul-Baqara, katika aya ya 283, imetukataza kuficha ushahidi, na ikauhukumu moyo wa mwenye kuuficha kuwa na dhambi. Suratun-Nisaa, aya ya 135, ikatutaka tusimamie uadilifu ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, wala tusiangalie kama mtu ni tajiri au fukara.

Tumeyasema haya mara nyingi kwenye darsa. Lakini juma hili kitabu kile kilitukumbusha jambo tulilotamani kulisahau.

Mwaka juzi duka moja la vifaa vya ujenzi, mtaani kwetu, lilipotelewa na mifuko ya saruji. Alilaumiwa mlinzi wa usiku, mzee mtu wa bara. Sisi tulikuwa watatu, tumechelewa swala ya alfajiri. Tulipopita pale tuliona gari la mpwa wa mwenye duka likipakiwa mifuko. Tulipoingia msikitini tukamkuta mlinzi yumo safuni, anaswali kwa ruhusa ya tajiri wake. Mzee yule akafukuzwa bila mshahara wa mwezi wa mwisho. Mwenye duka ndiye aliyetununulia mazulia ya msikiti. Hakuna aliyetukataza kusema. Hatukuulizwa, nasi tukashukuru kwamba hatukuulizwa.

Jumatatu iliyopita tulimwendea mwenye duka, sote watatu, tukamweleza tulichokiona. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza mbona hatukusema siku ile, naye mzee wa watu alikuwa analia mbele yake. Hatukuwa na jibu. Ameahidi kulipa mshahara ule. Tumeambiwa mzee amerudi kwao Singida, na tunaendelea kumtafuta. Mshahara una mwenyewe, na msamaha nao una mwenyewe.

Kitabu tumemrudishia mama yule. Tulimwambia kina lugha chafu mahali pachache, na hilo azungumze na mwanawe. Lakini asimnyang'anye. Wakimaliza wakikae wote wawili, amwulize kijana: wewe ungekuwa ndani ya basi lile, ungeshuka ukaenda zako, au ungebaki kitini hadi askari wafike? Na akijibu upesi mno, amsimulie habari ya mlinzi wetu.

Wabillahi tawfiq.